Siku Niliyokuwa Ngamia wa Mama Safia

Mwanangu, ipo siku moja ya mnada pale Mwingi ambayo nikifumba macho tu naiona: vumbi, mbuzi wakilia, watu wamejaa uwanja mzima, na mimi nimepiga magoti katikati yao nikiwa na nyumba ya mtu mgongoni. Nyumba nzima. Usicheke kwanza, nitakueleza ilivyopanda huko. Nimesikia wewe na wenzako wa kikundi cha vijana mnatayarisha mchezo wa kuigiza juu ya watu waliokimbia vita, na ati mmeshatafuta fataki za kupasua jukwaani. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Soma polepole, maana haraka haraka haina baraka, na mimi mwenyewe sijui kusimulia kwa ufupi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kupakia mbuzi kwenye malori. Nimezaliwa Matinyani, lakini mvua ilipotukataa nikafuata kazi Mwingi, na kwa kupakia mbuzi sikuwa na mpinzani kutoka hapo mpaka Misri. Mbuzi akiniona alikuwa anapanda lori mwenyewe, kwa heshima. Jioni nikishanawa, naenda ngumbaru, yaani ile shule ya watu wazima, tunasoma kwa taa ya karabai chini ya mama mmoja mkali aliyeitwa Mwalimu Syombua. Huko ndiko nilikojulia kusoma. Na nilikuwa nasoma kwa sauti hivi kwamba walikuwa wakinisikia Garissa, na huko Garissa wakilalamika.

Darasani tulikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na Wakamba wenye mashamba, mataniboi wa malori, wake wa wenye maduka, na watu wa kaskazini waliofika Mwingi wakati wa shifta, vile vita vilivyowatoa kwao bila hata kiatu cha pili. Mmoja wao alikuwa msichana mwerevu, jina lake Safia. Alikaa mbele yangu, na alikuwa akigeuka kunisahihisha hesabu bila kuombwa. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Safia, aliuza chai ya maziwa kando ya soko la mbuzi. Alikuwa mrefu na mnyamavu. Akikutazama, ulijikuta unanyoosha shati.

Vita vilipokuwa vimenyamaza miaka kadhaa, Mwalimu Syombua akasema tutafanya mchezo siku ya mnada, watu wa Mwingi waone kwamba ngumbaru si kukariri irabu tu. Mchezo uwe juu ya watu waliohamishwa na vita, kwa sababu nusu ya darasa walikuwa na habari hiyo tumboni na hawajapata pa kuitolea. Nani awe mkubwa wa mchezo? Mwanangu, sikungoja kuulizwa. Nilisema mimi ndiye mwenye nyumba itakayoshambuliwa. Nikapanga kila kitu. Nitajenga nyumba mbele ya watu, nitakuwa na furaha kubwa, halafu mwenzangu atagonga debe kwa chuma, pa pa pa, hizo ndizo risasi. Halafu tunawasha nyumba moto na mimi nakufa polepole nikisema maneno mengi. Kufa kwangu peke yake kungechukua robo saa.

Sasa kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi sikuliona, nalo ndilo lililokuwa zito. Safia alikuwa ameposwa na mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo hapo hapo Mwingi, kijana wa kabila lake. Kwao msichana haolewi akaingizwa tu chumba cha mabati. Mama mzazi humsimamishia nyumba: fito ndefu zilizopindwa kama mbavu, mikeka juu yake, kamba za kuikaza. Nyumba hiyo ni mali ya mwanamke, na watu wakihama, inahama naye mgongoni kwa ngamia. Mama Safia alikuwa na fito. Zilikuwa zimelala nyuma ya chumba chake, zimefunikwa gunia, tangu alipofika mjini, na hakuwahi kuzigusa. Kuku walitaga juu yake. Wakwe walipouliza nyumba itasimama lini, alijibu, "Bado." Wakauliza tena, akajibu bado. Mwishowe shangazi wa bwana harusi, mama ambaye neno lake lilikuwa halirudi nyuma, akatamka kwamba nyumba isiposimama kabla ya mwezi wa mfungo, kijana wao ataoa Garissa. Tangu hapo Safia aliacha kunisahihisha hesabu. Mimi nikadhani nimeendelea sana katika hesabu.

Basi siku moja mchana tuko kwenye uwanja kando ya kanisa, tunafanya mazoezi. Wazee wa kanisa walituruhusu, mradi tusilete ngoma za pepo. Mimi nimevua shati, nachimba mashimo kwa panga, nasimamisha miti iliyonyooka kama askari. Mama Safia akaja na birika la chai kwa ajili ya darasa. Akasimama kunitazama.

"Wewe kijana, unajenga nini?"

"Nyumba yenu, mama. Ile ya kule."

Akaizunguka yote, bila haraka, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Hii ni zizi."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana nilijua kujitetea.

"Na mke wako katika mchezo yuko wapi?" akauliza.

"Amekaa kivulini. Mwanaume ndiye anajenga."

"Kwenu."

"Kwani kuna kwingine?"

"Basi jenga ya kwenu, iungue ya kwenu. Kwetu mwanaume hagusi nyumba. Analala ndani tu, akikaribishwa."

Elewa mwanangu, sisi Wakamba nguzo husimamishwa na wanaume, akina mama hubeba nyasi. Nilidhani dunia nzima imejengwa hivyo tangu Mungu aiumbe. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na nyumba usiyoilalia humjui hata mjenzi wake.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu, mwenzangu wa debe, ambaye hakuwa akisikiliza, akaona ni zamu yake. Pa pa pa. Mama Safia hakupiga kelele, wala hakukimbia. Aliweka birika chini taratibu sana, akaketi mavumbini, akamvuta Safia, msichana mzima wa kuolewa, akamwinamisha kichwa na kukifunika kwa mikono yake yote miwili. Wakakaa hivyo. Debe lilikuwa limeshanyamaza, nao bado wamekaa hivyo. Halafu akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Chai ikapoa pale pale.

Mwalimu Syombua akaniita.

"Debe tupu haliachi kuvuma, Musyoka. Lirudishe ulikolitoa."

"Lirudi peke yake, Mwalimu, au na mimi?"

"Mtajuana njiani. Sauti zenu ni moja."

Siku iliyofuata, tukiwa hatujui kama kuna mchezo tena, tukaona mkokoteni wa punda unaingia uwanjani. Juu yake kulikuwa na fito zile zilizopinda, na kando yake Mama Safia anatembea, mkono mmoja juu ya fito, kama anavyotembea mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali. Safia alikuwa nyuma, macho yametoka. Hata yeye hakuwa ameambiwa.

"Nitajenga," Mama Safia akamwambia Mwalimu. "Lakini hakuna debe, na hakuna moto."

Mdomo wangu, mwanangu, haujapata kujua pa kukaa. Nikasema, "Mama, watu watakuja kuona moto. Bila moto wataenda zao kunywa soda."

"Moto niliuona mimi. Unawatosha wote."

"Sasa mchezo utaishaje?"

Hapo ndipo aliposema maneno marefu kuliko yote niliyopata kuyasikia kinywani mwake. Aliyasema akitazama fito, si sisi.

"Siku ile risasi zilipoanza sikuuliza ni za nani. Baba Safia na vijana wangu wawili walikimbilia ngamia. Mimi nilimbeba huyu. Nyumba niliiacha imesimama, maziwa yako motoni. Ndugu yangu alirudi baadaye akaokota fito zilizosalia na moto. Watu hakuwapata." Akapapasa fito moja, akaendelea. "Kwetu nyumba haiachwi imesimama. Ukihama unaifungua mwenyewe, fito moja moja, unaimba, unapakia. Hapo ndipo unajua umeondoka. Mimi mpaka leo sijaondoka. Nitamjengeaje huyu nyumba mpya, na moyoni mwangu yangu bado imesimama kule? Nataka kuifungua. Hivyo ndivyo mchezo utakavyoisha."

Mwalimu Syombua, ambaye tulikuwa tukiamini amezaliwa bila machozi, aligeuka akatafuta chaki. Tulikuwa nje, uwanjani. Hakukuwa na ubao.

Mimi nikauliza, kwa sababu lazima mtu aulize, "Na ngamia?"

Akanitazama kuanzia meno hadi visigino.

"Wewe una mgongo," akasema.

Hivyo ndivyo mkubwa wa mchezo alivyokuwa ngamia. Wenzangu walinicheka mpaka mmoja akashikwa na kwikwi iliyokaa naye wiki nzima. Lakini kazi ilikuwa bado. Mikeka ya zamani haikuokolewa, na nyumba isiyo na mikeka ni mifupa. Nikaenda kwa shangazi yangu, Mama Mwende, aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa. Akina mama wetu walikuwa wakisokota katani mapajani hata wakiwa usingizini, na kiondo cha Mama Mwende kilikuwa kinaweza kuchota maji kisivuje tone. Nilimweleza habari yote. Alijitwika katani yake akaenda kwa Mama Safia, na akina mama wengine wakamfuata. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walikaa nje ya kile chumba cha mabati alasiri baada ya alasiri, huyu anaonyesha namna ya kwao ya kufuma, hawa wanaonyesha ya kwetu. Walibishana juu ya mafundo kama mawakili. Siku ya mnada ilipofika walikuwa na mikeka ya kufunika nusu ya nyumba, na nusu nyingine wakashona magunia. Haikuwa nyumba ya kifahari. Ilikuwa nyumba.

Mwanangu, watu waliokuja siku hiyo walikuwa wengi kuliko mchanga wa mto Tana. Wachuuzi wa mbuzi, madereva waliosimamisha malori, watu wa kanisa na watu wa msikiti, na wenye maduka waliofunga milango, jambo ambalo hata kifo hakiwafanyii. Shangazi wa bwana harusi alikuwa amebaki kwake. Alisema hana nafasi ya michezo.

Mama Safia akaingia uwanjani bila kusalimia mtu. Safia alimpa fito, yeye akaisimika, akaipinda, akaifunga kwa nyingine. Mikono iliyokuwa imekataa miaka yote ikawa inakwenda yenyewe. Nyumba ikainuka mviringo kama kibuyu. Akaweka mikeka, akaweka magunia, akaingia ndani, akakaa. Hatukumwona tena. Uwanja ukangoja. Mimi nilikuwa pembeni nimefungwa blanketi la nundu, na nilianza kuogopa kwamba hatatoka.

Akatoka. Akaanza kuifungua. Na hapo akaimba, sauti ya chini, wimbo wa kazi, ule ambao wanawake wa kwao huimba wanapohama. Mkeka ukashuka, ukakunjwa. Fito ikafunguliwa, ikalazwa kando ya nyingine. Hakuwa na haraka. Hakuna aliyekuwa anamfukuza. Wanawake wa kaskazini waliokuwa wamekaa kivulini kwa maduka wakaanza kumwitikia, mmoja, halafu wote. Wengine walikuwa wanalia huku wanaitikia, na bado wimbo haukukatika.

Zamu yangu ikafika. Nikaja kwa magoti na mikono. Dalali mmoja wa mbuzi akasema kwa sauti, "Leo mbuzi wamelipiza," na watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimetayarisha mlio wa ngamia, mlio wa ajabu, nilikuwa nimeufanyia mazoezi mpaka majirani wakahama. Nikafungua kinywa niutoe. Mama Safia akainama sikioni kwangu.

"Ngamia wangu alikuwa na adabu," akasema.

Nikafunga kinywa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Mwingi.

Akatandika mikeka mgongoni kwangu, akapanga fito huku na huku, akaanza kukaza kamba kifuani. Alifunga mafundo matatu, na kwa kila fundo alitaja jina, taratibu, sauti ambayo ni ngamia tu angeisikia. Majina ya wanaume watatu. Sikuwajua, lakini nilijua ni akina nani. Mzigo wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko mbuzi wawili, nami nimebeba mbuzi wengi. Nakwambia ukweli, na hapa siongezi chumvi: nilichimbia vidole mavumbini ndipo nikaweza kuubeba.

Akavuta kamba. Nikainuka nimeinama, kama mtu aliyebeba gunia. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nitazunguka uwanja, tuiname mbele ya watu, tupigiwe makofi, basi. Tulipofika mwisho wa mzunguko nikanong'ona, "Mama, tumepita mahali pa kuinama." Akavuta. Nikafuata. Watu wakatupisha njia. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kikamba aliyepelekwa vita vya Wazungu huko Burma, mzee wa kejeli ambaye tulidhani atatucheka kuliko wote. Alivua kofia yake, akaingia nyuma ya ngamia, akatembea. Wengine wakamfuata. Tukapita soko la mbuzi, tukapita maduka, tukapita msikiti, watu wameacha mnada nyuma yetu. Mbuzi hawakuwa na wa kuwauza.

Akasimama kwenye kiwanja kitupu kando ya boma la wakwe. Shangazi wa bwana harusi alikuwa langoni, mikono ameikunja kifuani. Mama Safia akasema neno moja kwa lugha yao. Lugha yao siijui, lakini mgongo wangu ulielewa. Nikapiga magoti. Akafungua yale mafundo, akashusha mzigo, akachukua fito ya kwanza, akaanza kujenga nyumba ya Safia.

Shangazi akakaribia. Akaishika fito, akaitazama kama anayetafuta kasoro sokoni.

"Hii imepinda vibaya," akasema.

"Ilipindwa na mama yangu," Mama Safia akajibu. "Shika huko mwisho."

Shangazi akashika. Mama Mwende akaleta kamba. Harusi ikafanyika kabla ya mfungo, na mimi nilikula wali na nyama mpaka nikafungua mshipi, nikaegemea ukuta, nikaitwa ngamia na kila mtoto wa Mwingi. Jina hilo lilinikaa miaka mingi. Sijawahi kupata cheo kingine kikubwa kuliko hicho. Na Safia alirudi ngumbaru na pete kidoleni, akageuka, akanionyesha kosa langu la hesabu.

Basi mwanangu, neno langu kwako na kwa kikundi chako ni hili. Fataki mziache. Aliyesikia risasi hahitaji kusikilizishwa tena, na ambaye hajazisikia hatazijua kwa debe. Kabla hujasimama mbele ya watu kuonyesha msiba wa mwenzako, nenda kwake ukanywe chai, umuulize hicho unachokijenga ni nyumba au ni zizi. Akikwambia ni zizi, usinune, ng'oa nguzo zako. Na mwisho wa mchezo usiukate wewe. Wewe utaukata kwa moto, kwa sababu moto ni rahisi na watu wanaupenda. Mwenyewe ndiye anayejua kilichobaki bila kufungwa. Huenda hataki kulia mbele ya watu. Anataka tu kupewa nafasi ya kufanya bila haraka jambo alilonyimwa siku ile. Mpe uwanja. Mpe wimbo wake. Na akikosa wa kumbebea, kubali kuwa ngamia, ufunge mdomo, uende anakokuvuta, hata kama ni mbali kuliko mlivyopatana. Makofi utayapata au utayakosa. Sisi hatukupigiwa hata kofi moja siku ile, mikono ya watu wote ilikuwa imeshika fito.

Ungekuwa karibu ningekutemea mate ya baraka kifuani, kama wazee wetu wa Ukambani wanavyobariki. Kwa kuwa uko mbali, nayatema hapa kwenye karatasi, yatakufikia. Mungu akupe mgongo wenye nguvu na sikio lililo karibu na kinywa cha mwenye mzigo. Usikimbizwe kwako na mtu. Na siku utakapohama kwa kutaka mwenyewe, uwe na muda wa kuifungua nyumba yako, fito moja moja, ukiimba.